Mbwa Aliyefungwa kwenye Msuku

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokunywa chai kwa kung'ata kiazi kitamu. Mahindi yalikuwepo, maharage yalikuwepo, kumbikumbi walitoka wengi hata tukawaanika kwenye mikeka kama mpunga, lakini sukari hakuna, na chumvi ilikuwa ya kuonjeshana. Anayetaka tarehe akaitafute kwenye faili langu, kama panya wamemwachia kitu. Mimi nakumbuka kiazi, kwa sababu siku ya kwanza kazini kilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu jipya, na nilikila saa nne asubuhi nyuma ya chumba cha kufulia, nimesimama, huku nalia.

Nilikuwa mhudumu wa wodi ya watoto. Siyo muuguzi. Darasa la nne nililimaliza, la tano sikuliona. Nilifagia, nikafua, nikabeba vyombo ambavyo wenye vyeti hawapendi kuvibeba, na zaidi ya yote niliwashika watoto wa moto wakati wa kufungwa vidonda. Watoto wa moto ndivyo tulivyowaita: aliyemwagikiwa uji, aliyeangukia makaa, aliyevuta kibatari mezani.

Mwezi uliopita nimestaafu. Wamenipa vitenge doti mbili na jiko la gesi, nami ni mtu wa kuni. Siku ya kuagana, Tumaini, muuguzi mkuu wa wodi, ambaye nilimfundisha kukunja bandeji alipokuja kwetu mwembamba kama ufito, aliniambia, "Mama Osmunda, tuandikie ile hadithi. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Tuiweke pale chumba cha vidonda, kila atakayeshika mtoto aisome."

Nimekubali nusu. Nusu ya pili mtaiona mbele. Herufi anazipiga mjukuu wangu Jeni, yuko kidato cha tatu na ni wa pili darasani, wavulana wakiwemo. Ameniambia hilo halihusiani na habari hii. Linahusiana. Vyeo sitavitaja, maana sikupata, na mshahara ulikuwa mgeni asiyeketi, ukibisha hodi unaaga.

Chumba cha vidonda kilikuwa na meza moja, dirisha moja, na Mzee Komba. Mzee Komba alikuwa dresa, yaani ndiye aliyesafisha na kufunga vidonda. Alitoa maneno kama mtu anayeyanunua. Bandeji za wakati ule hazikutupwa. Tulizifua, tukazichemsha, tukazianika kwenye kamba, na mama za wagonjwa wakazikunja jioni wakipiga soga. Asubuhi, kabla ya kubandua bandeji ya jana, tuliilowesha kwa maji ya chumvi ili isiondoke na nyama. Ile chumvi tuliyoikosa kwenye mboga nyumbani ilikuwa hapo, imejaa kwenye sufuria, inapewa vidonda. Sikuiba hata chembe. Kutamani nilitamani.

Asikudanganye mtu kuhusu kidonda cha moto. Siku ya kuungua ina maumivu yake, lakini siku za kufungwa ni nyingi zaidi, na mtoto anazijua zinavyokuja. Akiona lile sinia la vyombo linaingia mlangoni analia kabla halijamfikia. Mwingine anajikojolea. Mwingine ananyamaza kabisa, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Siku yangu ya tatu waliniletea Fideli, miaka minne, mguu wote wa kushoto. Nilimbana begani na kiunoni kwa nguvu zangu zote, na mimi nilikuwa msichana wa kutwanga.

"Mshike," alisema Mzee Komba.

"Nimemshika."

"Umeshika mwili. Mshike mwenyewe."

Mwenyewe anashikwaje? Sikujua. Nilifungua mdomo tu, likatoka lililokuwa karibu. "Hadithi hadithi," nikamwambia. Mtoto hakuitikia. Aliyejibu ni mama yake, kutoka mlangoni.

"Dada, hadithi mchana huu? Unataka mwanangu aote mkia?"

Na alikuwa na haki. Kwetu mchana ni wa jembe, hadithi ni ya jua likishazama. Bibi yangu alituambia anayesimulia au kusikiliza hadithi mchana huota mkia, na hatukumwuliza ameuona wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijaolewa, na mkia sikuuhitaji.

Mzee Komba hakuinua hata kichwa. "Basi fanyeni usiku," akasema.

Alisema kwa kebehi. Mimi nikafungua kitenge changu cha kiunoni nilichojifunga juu ya gauni, nikajifunika nacho kichwa pamoja na mtoto, mguu wenye kidonda tukamwachia Mzee Komba nje. Ndani palikuwa na giza la rangi ya udongo, joto, na pumzi mbili. "Hadithi hadithi," nikanong'ona.

Fideli akavuta kamasi. "Njoo," akasema.

Kifua chake kilikuwa chini ya kiganja changu. Moyo uliokuwa ukienda kama kuku aliyeshikwa miguu ukaanza kupunguza mbio. Nje nilisikia koleo la Mzee Komba likigonga bakuli, nikajua kidonda kinaguswa, na mtoto ndani hakujua. Nimeona mambo mengi hospitalini, nimeona mtu amefunguliwa tumbo akafungwa na akaomba ugali. Hakuna lililonishangaza kama lile. Neno halina uzito, hulioni, hulinusi. Lakini lilibeba mtoto likamtoa pale mezani, nami ndiye niliyelitamka.

Hadithi yenyewe ilikuwa mbaya. Nilisema hapo kale palikuwa na watu, wakaishi mahali. Fideli akaanza kulia upya. Hakuwa na kosa. Watu gani? Mahali gani? Mtu mwenye shida hawezi kukimbilia kwa watu asiowajua. Kesho yake nikampa msichana, jina lake Chausiku, ana pengo la jino la mbele, anakaa nyuma ya mlima Matogoro, na ana mbwa. Fideli akagusa meno yake mwenyewe gizani. Hapo nikajua amemwona.

Nikamtembeza Chausiku siku mbili. Akavuka daraja la Ruhila, akaona ndege, akaona jiwe. Siku ya tatu Fideli akaniuliza kwa sauti ya mzee wa baraza, "Anakwenda wapi huyu?"

Sikuwa nimefikiri. Msichana anatembea, basi. Nikajibu lililokuwa tumboni mwangu: "Anatafuta chumvi." Papo hapo hadithi ikasimama kwa miguu yake. Kwa kuwa anataka chumvi, mto ukijaa sasa ni shida. Kwa kuwa anataka chumvi, fisi anayemwambia njia ya mkato huku anacheka sasa tunamtilia shaka. Maji ni yale yale na fisi ni yule yule, ila sasa kuna mtu anayetaka kitu upande wa pili. Mimi sikufundishwa hayo na mwalimu. Nilifundishwa na mtoto wa miaka minne ambaye suruali yake nilikuwa nimeifua asubuhi.

Kosa kubwa nililifanya wiki ile ile. Chausiku akafika kwa shangazi yake, akakuta chungu kinatokota jikoni. Fideli aliruka kama amepigwa. Bakuli likaruka, shashi zikaenda sakafuni, Mzee Komba akaniangalia mara moja tu. Mtoto alipoondoka, Mzee Komba aliniambia, "Kabla hujasema kitu, jua nani anakusikia." Yalikuwa maneno mengi kwake. Tangu siku ile hadithi yangu haina moto. Watu wake wanakula masuku, matango, miwa na karanga mbichi. Hawapiki wala hawawashi taa.

Jambo lingine nililijua bila kukosea. Bandeji ya mwisho ikifungwa, mimi nakata hadithi hapo hapo, fisi akiwa ameinua mguu mmoja. Fideli alinitukana tusi alilojifunza kwa baba yake. Asubuhi iliyofuata alikuja akiwa mgongoni kwa mama yake, akaliona sinia, na badala ya kulia akasema, "Twende usiku." Wodi nzima ikalichukua neno hilo. Mpaka leo mnalisema, na wengine wenu mlidhani limetoka kwenye mafunzo.

Nirudi kwa mbwa. Nilimweka mwanzoni kabisa. Chausiku anaondoka, mbwa anataka kumfuata, njiani kuna chui, basi anamfunga kwenye mti wa msuku nyuma ya nyumba. Mbwa anabweka, msichana anaondoka. Nilimtaka kwa ajili ya ule mlio tu, ili kuondoka kuume kidogo. Baada ya hapo nikamsahau. Mwishoni Chausiku anarudi na chumvi, watu wanafurahi, mtoto anakwenda kwao na kovu lake. Nilisimulia hivyo miaka kumi na miwili. Mzee Komba alikufa katikati ya miaka hiyo, nikaolewa, nikazaa Osmunda, nikazikwa na kazi, na mbwa bado amefungwa pale pale.

Ndipo akaja Editha. Miaka saba, wa upande wa Namtumbo. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, na mtoto aliteleza ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moshi, akaangukia moto kwa mkono wa kulia. Kuanzia kwapani hadi kwenye kifundo. Huyu alikuwa wa wale wanaonyamaza. Chini ya kitenge alisema "njoo" na basi, miezi mitatu. Lakini alisikiliza macho wazi, nilikuwa nasikia kope zake zikikwaruza kitambaa.

Mwezi wa sita nikapewa likizo, mahindi yangu yanaanguka shambani. Kidonda cha Editha kilikuwa kimebaki upana wa kiganja. Kazi iliyobaki ilikuwa kunyoosha kiwiko kila siku, maana kovu la moto linavuta kama ngozi ya mbuzi juani. Nikamhurumia kumwacha njiani. Siku ya kuondoka nikammalizia hadithi yote, Chausiku, chumvi, furaha. Niliona namwachia zawadi. Kumbe nilikuwa nampokonya fimbo ya kutembelea.

Niliporudi baada ya siku ishirini na nane, kiwiko kilikuwa kimekunjwa kama cha mtu aliyebana kuku kwapani. Wauguzi waliniambia hataki kuguswa, wakimnyoosha analia mpaka anatapika. Daktari alisema tusubiri hadi mwisho wa mwezi. Mkono usipofunguka, apelekwe hospitali ya mbali wakalikate lile kovu. Mama yake alikuja kunisubiri kwenye kamba za kuanikia.

"Mama Osmunda, huko mbali siwezi kumpeleka. Nina wengine wanne nyumbani na mmoja ananyonya."

"Najua."

"Ni mkono wa kulia. Jembe atalishika na nini? Kwa meno?"

Niliingia nikafunika kitenge. "Hadithi hadithi."

"Iliisha," akasema Editha.

Nikamwanzishia nyingine, ya sungura. Iliisha. Nikamletea chui, nikamletea bibi harusi aliyemeza ufunguo. Iliisha, iliisha. Siku tatu nilikuwa pale chini ya kitenge kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku ya nne sikusema kitu, nilichoka. Tukakaa tu gizani. Ndipo akasema yeye.

"Chausiku aliporudi, mbwa alifanya nini?"

"Mbwa gani?"

"Uliyemfunga kwenye msuku."

Akaendelea taratibu, kama mtu anayesoma mashitaka. "Ulisema watu wote walifurahi. Yule hukumfungua. Bado yuko pale."

Nikawaza watoto wote niliowaruhusu waende makwao. Fideli, na wengine baada ya Fideli, Mbinga, Tunduru, Lizaboni, kila mmoja amekwenda na mbwa amefungwa kichwani, na hakuna aliyeniambia. Mimi nilidhani hadithi naimiliki. Huyu mtoto aliyenyamaza ndiye aliyekuwa ameilinda usiku na mchana, na kitu nilichokidondosha bila kujua alikuwa amekiokota, ameking'ang'ania.

"Mfungue," akaniambia.

Ilikuwa sentensi moja. Chausiku akamfungua mbwa, wakaingia ndani. Ilikuwa kwenye ulimi. Lakini kitenge kilikuwa kimelegea upande mmoja, mwanga ukaingia, nikakiona kile kiwiko.

"Mbwa simfungui," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mimi niko mbali naye. Wewe ndiye uko karibu."

Nikatoka, nikachukua kipande cha bandeji kuukuu, nikakifunga mafundo mawili kwenye chuma cha kitanda, mahali ambapo vidole vyake vilikosa kufika kwa upana wa dole gumba. "Hiyo ndiyo kamba yake."

Aliitazama kamba, akanitazama mimi kama anavyotazamwa muuza samaki waliolala. Akapeleka mkono wa kushoto.

"Huo hapana," nikasema. "Mbwa alizoea wa kulia. Huo wa kushoto atauuma."

Machozi yalimtoka, na sauti haikutoka. Kovu lilikuwa linang'aa kwa kuvutwa. Mimi nilishika kitanda, yeye sikumgusa. Siku ile hakufika. Siku ya pili akagusa fundo kwa kucha. Siku ya tatu akalegeza moja, na kufikia asubuhi ya nne nilikuwa nimelifunga upya, mbele zaidi.

"Umelisogeza," akasema.

"Siyo mimi. Mbwa amevuta kamba."

"Ana nguvu sana huyu mbwa."

"Ana njaa. Hajala miaka kumi na miwili."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kicheko chake kilikuwa kizito, cha mtu mzima. Kila asubuhi aliniomba, wakati mwingine kwa kubembeleza, wakati mwingine kwa kunisema kuwa mimi ni mvivu na roho mbaya, na kila asubuhi nilimjibu yale yale. Mama yake alikuwa akisimama mlangoni, pindo la kanga mdomoni. Watoto wa vitanda vingine waliacha kucheza wakati wa kamba ukifika. Hakuna aliyewaita.

Kabla mwezi haujaisha fundo lilikuwa kwenye chuma cha mwisho, kule miguuni pa kitanda. Editha aliinama, akanyoosha mkono, kiwiko kikafunguka chote, mfupa ukaonekana umekaa mahali pake, na vidole vikachezea lile fundo bila haraka mpaka likaachia. Bandeji ikaanguka sakafuni.

Nikadhani amemaliza. Akasema, "Sasa apike."

"Nani?"

"Chausiku. Chumvi ya nini kama hawapiki?"

Nilimwangalia mama yake, mama yake akaniangalia mimi. Nikauliza polepole, "Unataka kuwe na moto?"

Alifikiri. "Moto mdogo," akasema. "Wa mafiga matatu. Mbwa alale karibu, lakini siyo karibu sana."

Basi nikauwasha. Bila kitenge, mchana kweupe, mbele ya kila mtu, nikainjika chungu cha maharage nyumbani kwa Chausiku na kutia ile chumvi. Moto wa kwanza katika hadithi yangu uliagizwa na mtoto wa moto. Mkia sikuota.

Daktari alikuja akaupima mkono, akaukunja, akaunyoosha, akaandika kwenye karatasi yake. Hospitali ya mbali hawakwenda. Mwaka jana nilimkuta Editha sokoni, mwanamke mzima, ameweka debe la mahindi chini kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mama Osmunda," akanipa mkono wa kulia, na akauacha hewani kidogo zaidi ya inavyotakiwa, ili niuone.

Ninyi mliobaki, haya ndiyo niliyonayo. Mpe mtoto mtu mwenye pengo la jino. Mpe mahali anapopajua, siyo "mbali". Mtu huyo atake kitu, hata kidogo kama chumvi. Angalia nani anakusikia kabla hujawasha jiko. Katakata hadithi, usiimalize kwa huruma. Na kitu kimoja kiache kimefungwa, ukijua safari hii kwamba umekifunga. Kwa nini inafanya kazi sijui. Nimekaa karibu nayo miaka arobaini na bado nikiifikiria nywele zinanisimama.

Juzi Tumaini alikuja kwangu kuchukua karatasi hizi. Alizisoma jikoni, amekaa kwenye kigoda, viatu vya kazi miguuni. Jeni alikuwa anamwangalia usoni kama mtu anayesubiri matokeo.

"Nzuri, Mama," akasema. "Imebaki mstari mmoja. Andika hapa chini, katika hadithi yenyewe, nani alimfungua mbwa, nikaipige laminesheni."

"Kitanda cha tatu kuna nani sasa hivi?"

"Mtoto wa uji. Goti. Hataki kulinyoosha hata kwa kubembelezwa."

"Umemfungia kamba?"

Tumaini akacheka, akanisogezea kalamu. "Mstari mmoja tu, Mama. Umeshastaafu, wewe usipomfungua atafunguliwa na nani?"

"Mbwa simfungui."